Aliyetangulia Mezani

Pale kwenye kiwanda cha uchapaji walimwita Lepe, na jina likamkaa. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye macho ya mtu aliyeamshwa sasa hivi na hajajua kama ni asubuhi au jioni, na kazi yake ilikuwa kuzunguka meza. Msicheke, ni kazi kama kazi nyingine. Kitabu hakizaliwi kizima. Mashine inatoa karatasi kubwa, karatasi inakunjwa mara tatu, inakuwa kunjo moja la kurasa kumi na sita. Makunjo hayo yanapangwa kwenye meza ndefu, marundo ishirini na manne, la kwanza likianzia upande huu wa mlango na la mwisho likiishia upande wa pili wa mlango huohuo. Kisha watu sita wanaizunguka meza wakifuatana, kila mmoja akichukua kunjo moja kwenye kila rundo, mpaka anarudi mlangoni na kitabu kizima mkononi. Anakiweka kwenye toroli la mshonaji, anaanza upya.

Lepe alizunguka hivyo miaka tisa huku akiota. Sisemi alisinzia, nasema aliota. Akifika rundo la tatu yumo kwenye nyumba asiyoijua, yenye ngazi za mbao na madirisha yote wazi. Rundo la kumi anatembea juu ya maji na miguu hailowi. Rundo la ishirini mama yake, aliyefariki mwaka uleule Lepe alipoanza kazi, anamwuliza kama amekula. Na muda wote huo mkono wake wa kulia unachukua moja, moja, moja. Kitabu chake hakikupungua kunjo hata siku moja. Wenzake walisema ana vidole vyenye macho, naye akaamini, na kwa siri akajivunia.

Mbele yake alitembea wifi yake, dada wa mumewe. Huyo ndiye aliyemtafutia kazi, ndiye aliyemlelea mtoto wa kwanza, ndiye aliyempatanisha na mumewe mara mbili. Alikuwa mtu mzima, goti la kushoto limeanza kumgomea, na alikuwa na tabia ya kuegemeza kidole gumba kwenye kona ya kila rundo kabla ya kuchukua kunjo lake, kama anayejishikiza asianguke. Kwa sababu yake mzunguko ulikwenda polepole. Walishamzoea, hakuna aliyelalamika.

Basi chuo kimoja kikaleta kitabu kinene cha wanafunzi wa utawala, kitabu cha nadharia za uongozi mahali pa kazi. Meneja wetu, ambaye katika vyote vilivyochapwa pale hakuwahi kusoma zaidi ya kalenda, kitabu hiki kilimnasa. Makunjo yote yalipotoka mashineni, akawa anapanda na moja moja ofisini, analisoma na chai, anashuka mtu mwingine.

Kunjo la kwanza lilisema wapo waliozaliwa na sifa za uongozi: kimo, sauti, kujiamini. Msimamizi wa chumba alikuwa amestaafu mwezi uliopita. Meneja akasimama mlangoni, akawatazama wale sita kuanzia miguuni hadi utosini.

"Wewe," akamwambia Lepe. "Kuanzia leo ndiwe msimamizi."

"Mimi, Meneja? Kwa lipi?"

"Kimo."

Lepe alikuwa kwenye rundo la kumi na moja, juu ya maji bado, akadhani hilo nalo ni ndoto. Wifi yake ndiye aliyemfinya. "Sema asante, wifi."

Kunjo la nne likasema kimo si kitu, cha kutazamwa ni matendo. Meneja akashuka na saa na daftari: msimamizi asizunguke tena, asimame pembeni apime kazi. Kunjo la saba likazungumzia tuzo na adhabu. Siku hiyo, Jumanne, alishuka uso umekaza.

"Chuo kinataka vitabu vyake Jumatatu. Kwenye meza hii kuna mtu anawachelewesha wenzake. Ijumaa unipe jina lake, tuagane naye. Huna jina, basi wewe mwenyewe hufai."

Lepe akasimama pembeni na saa yake. Ukisimama, ndoto haziji. Alijaribu kuiita ile nyumba ya ngazi za mbao, ikakataa. Kwa mara ya kwanza katika miaka tisa aliitazama ile meza akiwa macho, na alichokiona kikamkata maini. Mbele ya wifi yake palikuwa wazi, marundo matano sita hayana mtu. Nyuma yake wenzake wamebanana, wanamngoja. Hapakuhitajika saa. Jina ambalo Meneja analitaka ni la mtu aliyemshika mkono tangu siku ya harusi.

Usiku ule alikula bila kujua anakula nini, na mumewe alipomwuliza kulikoni akasema kichwa.

Jumatano akazua ujanja. Pembeni ya chumba palikuwa na meza ya gundi yenye stuli. Akamwendea wifi yake kwa sauti laini.

"Wifi, kakae kwenye gundi siku mbili hizi. Upumzishe goti."

Wifi akamtazama usoni. "Umeambiwa na Meneja, au umeona mwenyewe?"

"Nimeona mwenyewe."

"Haya," akasema, akaenda akakaa.

Mzunguko ukashika kasi. Wanne waliobaki walitoa vitabu vingi kuliko sita wa zamani, toroli likijaa kabla mshonaji hajamaliza la kwanza. Lepe aliandika kwenye daftari huku moyo unamuuma, kwa sababu kila mstari aliouandika ulikuwa unamfukuzisha wifi yake kazi, na meza ya gundi ina mwenyewe, na Meneja asingekubali wawili kwenye chungu kimoja. Wifi alipaka gundi na hakuinua kichwa.

Alhamisi mchana mshonaji akaingia amekumbatia vitabu, amefura.

"Humu wanazunguka watu au mbuzi? Hiki hakina kunjo la tisa. Hiki kina la tano mara mbili. Katika kila kumi, vitatu vibovu!"

Wale wanne wakaanza kutupiana lawama. Makunjo yanang'ang'aniana, walisema. Unashika moja yanakuja mawili, unajaribu kuwahi, unaruka rundo. Lepe akaweka daftari chini. Nitawaonyesha, akajisemea, mimi mwenye vidole vyenye macho. Akazunguka meza mara moja, akamkabidhi mshonaji kitabu.

Mshonaji akahesabu. "Umeruka mawili. Na hapa umebeba mapacha."

Lepe akarudi kwenye rundo la kwanza, akainama mpaka pua ikakaribia karatasi. Makunjo yalitoka mashineni yamebanwa, wino bado mbichi, yamelaliana kabisa. Lakini pembeni palikuwa na rundo la Jumanne ambalo halikumalizika. Kona ya makunjo yake ya juu ilikuwa imeinuliwa kidogo, kama kunjo saba hivi, kila moja limeachana na mwenzake, yanangoja tu kuchukuliwa. Saba: moja la mwenyewe, matano ya waliomfuata siku zote, Lepe akiwemo, na moja la akiba. Kidole gumba kilikuwa kimepita hapo.

Akageuka kuitazama meza ya gundi. Wifi alikuwa anapaka tu.

Ijumaa Meneja alishuka na kunjo la kumi na mbili kwapani. "Jina."

"Nitakupa," Lepe akasema. "Ila kwanza zunguka nasi mara mbili. Wifi, njoo, tafadhali."

Wifi akaja akiburuza mguu. Mzunguko wa kwanza Lepe alimweka Meneja mbele, wifi nyuma. Meneja akatupia tai begani, akaanza kwa mbwembwe, na kufika rundo la sita alikuwa anayapepeta makunjo kama anayetafuta noti iliyopotea. Alifika mlangoni na kitabu chenye mapengo. Mzunguko wa pili ukawa kinyume, wifi mbele, Meneja nyuma. Yule mama akaenda polepole, gumba kwenye kona, gumba kwenye kona, na nyuma yake mkono wa Meneja ukawa unachukua moja, moja, moja. Alipofika mlangoni alisimama na kitabu kizima, hana habari kama amefika.

"Meneja?" mshonaji akamwita.

"Samahani. Nilikuwa..." Akapangusa uso. "Nilikuwa namwona marehemu babu yangu anafungua mlango."

Hakuna aliyecheka.

"Basi jina ninalo," Lepe akasema. "Anayewachelewesha wenzake ni huyu, na vitabu vyako vizima vyote ni vya kwake. Kitabu kinasemaje juu ya mtu wa namna hii?"

Meneja akalitazama kunjo la kwapani. "Sijafika huko," akasema. Akapanda ngazi, na jioni tukasikia amekiomba chuo siku tatu zaidi.

Lepe na wifi yake walirudi nyumbani pamoja kwa miguu. Kwenye mtaa wa pili Lepe akaanza.

"Wifi, nisamehe."

"Nimekusamehe."

"Kwa nini hukusema?"

"Ulisema umeona mwenyewe."

Wifi akasimama kupumzisha goti, mkono kwenye ukuta wa nyumba ya watu.

"Ulipofiwa na mama yako ulikuwa unazunguka unalia. Huoni karatasi, unakosea kila kitabu. Yule msimamizi wa zamani akaniambia, huyu wako akikosea tena anamwaga unga. Ndiyo nikaanza kukufungulia. Wewe tu, makunjo mawili, langu na lako. Baadaye nikaona walio nyuma yako nao wanafaidika, nikaongeza."

"Miaka tisa?"

"Ulikuwa umeacha kulia. Nikawa nasikia unacheka peke yako huko nyuma. Ningeachaje?"

Lepe akalia palepale barabarani, mtu mzima na urefu wake wote, wapita njia wakimkodolea macho.

"Na wewe, wifi," akauliza alipopata sauti, "huko mbele ulikuwa unaota nini?"

"Mbele hakuna kuota. Makunjo tu."

Jumatatu Lepe aliacha saa na daftari kwenye dirisha, akaenda kusimama kwenye rundo la kwanza, akamshika wifi yake mabega, akamweka nyuma yake. Kufika saa nne kidole gumba kilikuwa kimevimba na kichwa kinamgonga kwa kuhesabu. Nyuma yake mguu mbovu uliburuzwa taratibu, bila haraka. Karibu na rundo la kumi wifi akaguna kidogo, kama mtu anayemjibu mtu, na hakuna aliyekuwa amemsemesha. Lepe hakugeuka. Aliinua kona inayofuata, akahesabu saba.