Siku Niliyotukanwa Nyamwage

Nakumbuka asubuhi moja, enzi za Mwingereza, mshenga wangu aliporudi kutoka Dimani uso umemshuka. Mimi nilikwishanyoa, nimejipaka mafuta, nasubiri kuambiwa kwamba Mwanahawa ni wangu. Akaniambia, "Shomari, baba yake amekataa. Anasema ulikwenda Nyamwage ukaposa binti wa watu, ukala mpunga wao mpya, kisha ukatoroka."

Mwanangu, Nyamwage sikuwa nimekanyaga hata siku moja.

Haikunichukua muda kujua ni nani. Sisi wakata mikoko tukiwa dagoni, kambini kwetu kule kwenye visiwa vya delta, tulikuwa na desturi ya kutajiana koo. Mgeni akija unamwambia jina lako, la baba na la babu, na kwenu ni wapi, ili ukifa maji ajue msiba aupeleke kwa nani. Msimu uliopita alikuja kijana mmoja mcheshi, tukalala kibanda kimoja, nami nikamweleza ukoo wetu wote hadi mashangazi. Kumbe mwenzangu anayaweka. Alipoondoka, aliondoka na mimi mzima mzima.

Nikanuna. Nikamwambia Shangazi Zubeda, aliyenilea, kwamba Mwanahawa basi tena, narudi zangu dagoni, na kuanzia leo mniite Juma. Alikuwa anapepeta mchele, akauweka ungo chini.

"Juma? Jina la marehemu babu yako umwachie mwizi, wewe uokote jingine? Ukinyamaza, nani atajua kama si wewe? Vaa kanzu twende."

Alikuwa mkali yule mama, Mungu amrehemu, na akishaamua haambiliki. Siku ile ile tukaenda kwa jumbe kumweleza, ili likitokea jingine pasiwe na wa kusema tumelizua baadaye. Ijumaa imamu akanisimamisha mbele za watu, akatangaza kwamba jina langu limeibwa. Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini baada ya sala watu walinishika mkono mmoja mmoja, na wauza ufuta waliokuwa wakienda Ikwiriri wakaondoka na habari zangu.

Kisha Nyamwage. Shangazi akamchukua na Bi Tatu, mtani wa ukoo wetu. Nikamsihi amwache, maana Bi Tatu alikuwa na mdomo, acha tu.

"Ndiyo maana anakuja," akanijibu.

Baba wa yule binti aliyetelekezwa, Mzee Bakari, alinitazama toka utosini hadi unyayoni. "Sura si ile," akasema. "Lakini yule naye alitutajia baba na babu, na wewe unataja hao hao. Nitajuaje kwamba mwongo si wewe?"

Usiombe kuambiwa uthibitishe kwamba wewe ndiye wewe. Nilihisi Mwanahawa ananiponyoka hivi hivi nikiona, na machozi yakanilenga.

Hapo Bi Tatu akainuka. Akanivua kofia, akaivaa yeye. "Weye Shomari, wanakuuliza kwenu wakati kichwa hicho kama fenesi kinajulikana delta nzima? Jamani, huyu amenyonya mpaka meno yamejaa kinywani. Siku ya jando alikimbia, tukamtoa ndani ya tenga la kuku, manyoya mdomoni. Na leo eti anataka mke."

Nami nikainamisha kichwa nacheka, maana mtani hajibiwi kwa hasira. Nikamwambia, "Kuku wale walikula meno yako, bibi, ndiyo maana umebaki na mawili." Uwanja mzima ukaangua kicheko. Hata yule binti tukamsikia ndani, anacheka hadi anakohoa, na mama yake akasema hajacheka tangu mavuno.

Mzee Bakari akajifuta macho. "Yule alikaa kwangu mpaka mpunga ukaisha shambani, hakutokea hata mtu mmoja wa kumtukana. Ningejua mapema kwamba hana kwao."

Akatuandalia chakula, na alfajiri akafuatana nasi mpaka Dimani, akamweleza baba yake Mwanahawa kwa kinywa chake. Tukaoana. Bi Tatu akabeba sufuria la pilau akaondoka nalo, ndiyo haki ya mtani. Yule mwizi alijaribu tena jina langu Ikwiriri, wauza ufuta wakamcheka, akapotea. Sikumfuata, nilikuwa na mke nyumbani, nimfuate wa nini? Na binti wa Nyamwage alipopata mume wa kweli, nilicheza ngoma harusini kwake mpaka miguu ikavimba.

Basi mwanangu, siku mtu akitembea na jina lako, usijifungie ndani ukaona haya, maana haya ni zake yeye. Wahi kwa wenye mamlaka siku ile ile, na litangaze kila anakoweza kufika. Kisha nenda mwenyewe kwa waliodanganywa, uwape pole kwanza. Hujawakosea, lakini wameumia. Usiende peke yako. Nenda na wanaokufahamu tangu mtoto, hata kama watakuaibisha. Na kabla hujamtajia mtu ukoo wako wote, msikie kwanza na yeye anataja wa kwake.

Mola akuhifadhie jina lako, likufikishe salama kwa unayempenda. Na siku utakapoulizwa wewe ni nani, asikose mtu wa kusimama akutukane.