Mvua Iliyomwangusha Farasi Wangu

Kwenye kibanda cha kubeti pale Kizota, mjini, wenzangu walichagua farasi kwa rangi ya jezi ya mpandaji. Mimi nilijiona mjanja. Nilisaka kwenye simu muda wa kila farasi katika mbio zake zilizopita, nikagawa umbali kwa muda, nikapata kasi yake. Halafu nikamtafuta yule mwenye kasi ambaye kampuni ya kubeti imemdharau na kumpa odi kubwa, yaani akishinda analipa mara nyingi.

Siku moja nikampata. Nikamwekea hela yote aliyonipa mama nimnunulie mbegu za alizeti. Mbio zilikuwa Ulaya, na runinga ilipoonyesha uwanja, mvua ilikuwa inamwagika. Farasi wangu, aliyezoea ardhi kavu, alihangaika kwenye tope akamaliza wa mwisho. Hesabu zangu hazikuwa na mahali pa mvua. Ningeikumbukaje? Kwetu kijijini Haneti mvua ni ya kuombewa kanisani, nani aliwahi kuiogopa!

Jioni mama akapiga simu.

“Mwanangu, huku mvua imegoma. Huko je?”

“Imenyesha, mama,” nikamjibu kwa hasira.

Akapiga kigelegele. “Basi niletee mbegu haraka, mvua ya huku nayo haiko mbali!”