Chumba cha Katikati

Niliondoka Ipogolo alfajiri, kwenye lori tupu lililokuwa likienda Mafinga kupakia mbao. Kupakia kulichukua siku nzima, na tulipopita Makambako gari likaharibika. Tulilala juu ya mbao tumejikunyata kwa baridi. Kesho yake nilishushwa Uyole mvua ikinyesha. Nilikuwa nimeshahama miji mingi, nikajiambia hapa sasa nakaa.

Nilipanga chumba kwa mzee mmoja wa Kinyakyusa aliyefiwa na mkewe. Chumba chake kilikuwa kulia kwangu. Kushoto aliishi mke wa mwanawe, ambaye mumewe alifanya kazi Dodoma. Kwa desturi yao mkwe haonani na baba mkwe, wala hasemi naye. Mzee akikohoa uani, mama yule alijibanza nyuma ya jiko mpaka apite.

Nyumba nzima ilikuwa na intaneti moja, na kompyuta mbili: ya mzee na ya mkwe. Kifaa chenyewe kikikaa kwa mzee, mkwe hawezi kuingia kukiwasha umeme ukirudi. Kikikaa kwa mkwe, mzee hawezi. Basi kikaletwa kwangu. Waya mmoja ukatoboa ukuta wa kulia, mwingine wa kushoto.

"Mhehe," mzee alinitania siku moja, kwa ule utani wa makabila kwamba Wahehe tunakula mbwa, "mbona umejifungia? Unakula mbwa peke yako?"

"Nimekubakizia mkia, mzee."

Nilizoea kuitwa. Asubuhi dirishani, mkwe: "Kaka, iwashe tena basi." Jioni mlangoni, mzee na fimbo yake. Nilikuwa sijawahi kukaa mahali ambapo ningeondoka watu wakapungukiwa kitu.

Kisha mkwe akaitwa kwenye usaili wa kazi ya uhasibu huko Dodoma, usaili wa kuonana kwa kompyuta. Akiipata, angeishi na mumewe chini ya paa lao wenyewe. Alinituma kwa mzee, nikamwomba asifungue yake asubuhi hiyo, maana zikifunguliwa zote mbili intaneti hukwama. Mzee alikubali.

Usaili ulianza vizuri, nikimsikia mkwe akijibu kwa sauti ya kujiamini. Ghafla akaja mbio mlangoni kwangu.

"Kaka, picha imeganda! Mwambie azime, nakuomba!"

Nilikwenda. Mzee alikuwa ameinamia kioo, machozi yakimtoka. Binti yake aliyeko ng'ambo, aliyenyamaza tangu mazishi ya mama yake, alikuwa amemwandikia kwenye simu kwamba anapiga, naye akafungua, akaonyeshwa mjukuu.

"Mzee, mkwe yuko kwenye usaili."

"Mwambie angoje. Huyu nikimkata hapigi tena."

Nilirudi. Mkwe alikuwa amesimama palepale, mikono kichwani. Zilikuwa hatua chache tu mpaka mlango wa mzee, naye hakuweza kuzipiga. Nilichomoa waya wa kulia, wa mzee.

Kompyuta ya mkwe ilipoamka, waliokuwa wakimhoji walikuwa wameshaondoka. Aliwaandikia, hawakujibu. Binti wa mzee naye hakupiga tena, jioni ile wala wiki iliyofuata.

"Hama," mzee aliniambia, bila kufoka. "Nyumba yangu haitaki mtu wa kuchagua kati yetu."

Kifaa alikibeba mwenyewe hadi chumbani kwake, akafunga mlango.

Niliondoka asubuhi na begi langu lilelile. Mkwe hakutoka kuniaga. Hangeweza: mzee alikuwa amekaa uani.