Fadhila Alipofuta Salamu

Fadhila alizifuta salamu mwenyewe, wala hakusukumwa na mtu. Akiwa nyumbani kwake Kirumba, alikuwa akisimamia mafundi cherehani wanne, kila mmoja akishonea kwake: Modesta kisiwani Ukerewe, Kija kule Bujora, Machibya na mkewe Sengerema. Walikutana kwenye grupu la WhatsApp. Kukikucha, grupu linajaa shikamoo, mmeamkaje, watoto hawajambo, mvua imenyesha huko? Hadi kazi itajwe, chai imeshapoa. Basi Fadhila, mtu wa haraka tangu tumboni mwa mama yake, akaandika: "Kuanzia leo humu ni kazi tu. Salamu tutapeana tukionana."

Grupu likanyamaza. Fadhila akafurahi, masikini. Kila alipouliza kazi inaendaje, alijibiwa, "Inaendelea."

Kazi yenyewe ilikuwa sare za shule mpya ya Nyegezi, iliyokuwa ifunguliwe Jumatatu. Jitesh, mwenye duka la vitambaa aliyempa kazi hiyo, alimwambia wazi kwamba mzigo ukichelewa, kazi zote zinazofuata atazipeleka Dar. Maana yake mafundi wote wanakaa bure, na aliyewaita ni yeye. Alhamisi alianza kuhesabu siku zilizobaki. Akampigia Modesta ili amkaripie kidogo. Lakini Modesta ni rika la mama yake, na ulimi ukatangulia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Za huko?"

"Nzuri. Za kwenu?"

"Nzuri tu, ila cherehani imekufa tangu Jumanne. Mashati yamelala hapa, hata kola hayana."

Fadhila akakaa chini. "Sasa mama, mbona hukusema?"

"Ningeanzia wapi? Umetukataza kujuliana hali. Mtu aingie tu na shida mdomoni, kama ana ugomvi na watu?"

Fadhila alikata simu, akaingia kwenye grupu, akaandika: "Habari za leo ndugu zangu? Huko hamjambo?" Majibu yakamiminika. Kija akauliza mguu wa mama yake Fadhila unaendeleaje, akasimulia mvua ya kwao weee, kisha ndipo akasema: ila yeye fungu lake alishalimaliza, anakaa tu anasubiri kuambiwa.

Fadhila alicheka peke yake huku machozi yanamtoka. Mashati ya Modesta yalipanda meli ya mchana, na jioni yakawa Bujora mezani kwa Kija. Jumapili sare zote zilikuwa dukani kwa Jitesh, zimepigwa pasi.

Jumatatu Machibya ndiye aliyewahi kwenye grupu. "Bosi, habari za asubuhi?"

Fadhila akaandika "Nzuri," akasita. Siku zote angeishia hapo. Bosi gani anayewalilia mafundi wake? Kisha akaongeza: "Nzuri, ila wiki hii nimeogopa sana. Nilidhani nitawakosesha kazi."

Modesta alijibu kabla Fadhila hajaweka simu chini.

"Pole mwanangu. Hata sisi tuliogopa, tukafichana. Haya, kazi inayofuata ni ipi?"