Sato wa Minza

Najua utasema haya ni maneno ya mwanamke mwenye wivu. Sema tu. Wivu ninao, na sijawahi kuuficha. Lakini niliyoyaona Kalemela niliyaona mchana kweupe, nikiwa na akili zangu timamu, na samaki nilimshika kwa mikono hii.

Mume wangu, Masanja, nilimkuta mgane. Mkewe wa kwanza, Minza, alifariki kwa homa kabla sijamjua, akazikwa huko huko Kalemela, nyumbani kwa wakwe zangu, kando ya ziwa. Siku ya harusi mama mkwe alinivuta pembeni. "Siku utakayofika kwetu," akasema, "kabla hujatia kitu mdomoni, mpelekee Minza unga kidogo. Msalimie, mwambie wewe ndiye uliyeingia. Ni mwenzio huyo." Niliitikia kwa kichwa tu. Sisi ni watu wa kanisa, na moyoni nilisema sina mwenzangu.

Tukaishi Somanda, pale Bariadi. Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa, wanunuzi binafsi wakaanza kugombea pamba, mitumba ikajaa sokoni. Masanja akaacha pamba, akaingia kwenye samaki. Kila wiki ziwani, kila wiki anarudi na sato. Nikimpika, anakula matonge mawili, anasukuma sahani taratibu. Hasemi neno. Lakini siku moja lilimponyoka: "Minza alikuwa na mkono wake."

Niambie, mke mwenza aliye chini ya udongo utamsutaje? Utamvizia wapi?

Basi mwaka wa pili akanichukua nikapumzike kwao. Sikatai, ni pazuri. Mchanga mweupe, dagaa wameanikwa kila mahali, kwaya mbili zinashindana, moja ya Wakatoliki, nyingine yetu. Mama mkwe akanipa kibakuli cha unga wa mtama, akanionyesha kaburi lilipo. Nikakiweka nyuma ya mlango, nikasema nitakwenda kesho. Kisha nikakaa mkekani, nikala samaki nikashiba. Nimpigie magoti mwanamke anayenishinda akiwa amelala? Nilikataa.

Alasiri Masanja akaenda kwenye mitumbwi kuongea na wavuvi. Mimi nikashuka majini kunawa miguu. Juu ya jiwe alikaa mwanamke wa rika langu, anapaa magamba ya sato. Nikamsalimia, "Mwadila."

"Mwadila, ng'wana Shija."

Shija ni baba yangu. Nikadhani mama mkwe keshanitangaza kijiji kizima.

"Ukimpikia, usimkaange," akasema bila kuinua macho. "Mchemshe na ukwaju. Chumvi iwe ya mwisho. Kichwa ni chake."

Damu ikanichemka. "Unamjuaje mume wangu?"

Akatabasamu. Hapo ndipo nilipomwangalia vizuri. Niamini, nzi walikuwa wamejaa ufuko mzima, kwenye dagaa, kwenye nyavu, hata usoni kwangu. Kwake hakutua hata mmoja. Na lile jiwe alilopaalia samaki lilikuwa kavu.

Akaninyooshea yule sato. "Ungenisalimu kwanza kule," akasema, "tungekula wote."

Ningekuwa na busara ningemwacha. Lakini wivu, jamani! Nilichowaza ni kwamba sasa siri ya upishi wake ninayo. Nikampokonya, nikageuka. Nilipotupa jicho nyuma, jiwe lilikuwa tupu.

Jioni nilimpika yule sato vile vile mwanamke alivyoniambia. Masanja alionja, akaacha kutafuna. Machozi yakamtoka mtu mzima yule mbele ya mama yake. Akala mpaka akafyonza mifupa ya kichwa. Mama mkwe aliniangalia, kisha akaangalia nyuma ya mlango, kibakuli kilipokuwa. Mimi nikachota tonge, nikatia mdomoni. Ilikuwa kama kutafuna pamba.

Asubuhi nilikimbia na unga hadi kaburini, nikapiga magoti, nikasema yote. Hakuna aliyeitika.

Tangu siku hiyo ulimi wangu haujui samaki. Nyama naijua, mlenda naujua, samaki hapana. Chumvi ya mchuzi naikisia kwa mkono, na mkono haukosei. Masanja siku hizi hasukumi sahani. Ndicho nilichokitaka, sivyo? Sijui ni kwa nini basi huwa naenda kulia jikoni.

Wewe binti unayeolewa na mgane, shika neno langu. Ukielekezwa kumsalimia aliyekutangulia, nenda siku hiyo hiyo, kabla ya chakula. Salamu haikupunguzii kitu. Mimi nilimnyima moja tu.

Jana Masanja alikula, akalamba vidole, akaniambia kwa upole, "Leo umepika, Minza."

Nikaitika.