Kabureta Iliyofunguliwa Mara Sita

Saa tatu na robo asubuhi, kilomita chache baada ya Sange, gari linazima.

Halizimi kwa kishindo. Linakohoa mara mbili, linajikokota hatua chache, kisha linanyamaza pembeni mwa barabara. Ni Peugeot 404 ya mwaka 1974, yenye turubai nyuma, na rangi yake ya samawati imebaki milangoni tu. Kwenye usukani yupo fundi Firmin Kashindi, mwenye umri wa miaka sitini na mmoja. Bado ameushika usukani kwa mikono miwili, kana kwamba gari linakwenda.

“Papa Firmin,” anasema mwenye gari, Mama Consolate, aliyeketi kando yake. “Iko ileile.”

“Nimesikia, mama.”

“Nilifikiri labda haujasikia.”

Huu ni mwezi wa tatu gari hili linafanya mchezo huo. Mjini Uvira halisumbui. Linatoka Mulongwe hadi Kalundu na kurudi bila kukohoa hata mara moja. Likishashika barabara ya bonde la Ruzizi na kukimbia kwa nusu saa au zaidi, linazima. Likipumzishwa, linawaka kama lisilowahi kuumwa.

Consolate, mwenye miaka arobaini na saba, aliachiwa gari hilo na baba yake, na ndilo linalomlisha. Ananunua mchele kwa wanawake wa Luvungi na Bwegera na kuupeleka soko la Uvira. Msimu huu ameshalala njiani mara mbili, juu ya magunia. Wanawake wanaomuuzia mchele wameanza kuulizia malori.

Kwa hiyo amempa Firmin siku moja, na siku yenyewe ni leo. Ama fundi ajue gari linaumwa nini kabla ya jua kuzama, ama kesho Pitchou, mnunuzi wa vyuma chakavu, aje kulikata. Pitchou ameshakuja kulitazama. Aligonga bodi kwa ngumi, akasema chuma cha zamani kina uzito mzuri.

Firmin anashuka na kufungua boneti.

Alijifunza kazi hii katika gereji ya kiwanda cha sukari cha Kiliba, miaka ya themanini, wakati kila injini ya bonde ilikuwa na kabureta. Sasa magari ya namna hiyo anayoyajua Uvira hayazidi matatu. Siku nyingi anasafisha kabureta za pikipiki, kwa faranga elfu tano kila moja, na wiki mbaya hapati hata mbili. Gari la Consolate ndilo linalomfanya bado aitwe fundi wa magari. Likikatwa, na jina hilo linakwenda nalo.

Kabureta, kwa msomaji asiyeijua, ni kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini. Ndani yake mna vitundu vyembamba kama tundu la sindano, na uchafu kidogo tu unatosha kuvifunga. Ndiyo maana gari la zamani likizima, kila mtu husema kabureta.

“Iyi carburateur nimeifungua mara sita,” anasema Firmin, akiinama. “Mara sita. Iko safi kuliko sahani za mu nyumba yangu. Nimebadilisha buji za kuwasha moto, nimebadilisha waya. Sasa nibadilishe nini tena? Barabara?”

Pikipiki inasimama. Dereva wake, Eugène, anayebeba abiria kati ya Sange na Luvungi, hazimi injini wala hasalimu.

“Ni joto tu, mzee. Mufunike pompi ya petroli na kitambaa ya maji.”

“Tulifunika wiki jana,” anajibu Firmin bila kuinua kichwa.

“Na ikawaka?”

“Ikawaka.”

“Sasa unaona.”

“Halafu ikazima mbele ya Bwegera, na kitambaa ikiwa bado na maji. Weye ulisomea wapi umekanika?”

“Hapa hapa barabarani, mzee. Kwa kuangalia weye.”

Eugène anaondoka akicheka. Firmin anafuta mikono polepole kuliko inavyohitajika.

Kitambaa si dawa pekee iliyojaribiwa. Mwezi uliopita mchungaji mmoja aliiombea kabureta hiyo karibu na Runingu. Maombi yalichukua dakika arobaini. Aliposema amina, gari likawaka.

“Tangu siku ile siwezi kubishana na muntu,” anasema Firmin. “Ananiambia: mchungaji hakushika hata ufunguo, na imewaka. Nimujibu nini?”

Leo anafanya jambo ambalo hakulifanya mara zote sita. Badala ya kuing’oa kabureta na kwenda nayo mezani, anaifungua kifuniko palepale, injini ikiwa bado ya moto, na kuchungulia kikombe kinachohifadhi petroli. Ni kikavu. Tanki lilijazwa asubuhi. Basi petroli ipo, ila haifiki.

Anachomoa bomba linalotoka kwenye tanki, analiweka mdomoni na kuvuta. Petroli haiji. Ghafla anatoa sauti ya ajabu na kujitoa kwenye bomba hilo kwa nguvu, ameshika midomo.

“Imenivuta ulimi,” anasema. “Minye nanyonya yenyewe, na yenyewe inaninyonya.”

Anatazama bomba linakoelekea, hadi kwenye tanki. Kisha anazunguka hadi ubavuni mwa gari na kufungua kifuniko cha tanki. Hewa inaingia kwa mluzi mrefu, kama mtu aliyezama akiibuka majini.

Petroli ikitoka kwenye tanki, hewa lazima iingie mahali pake. Mlango wa hewa hiyo ni kitundu kidogo kwenye kifuniko. Kikizibwa, tanki linaanza kujivuta lenyewe, na baada ya nusu saa pompi inashindwa kuvuta petroli. Gari likisimama, hewa inapenya polepole, nalo linawaka tena. Iwe kwa kitambaa au kwa maombi, kilichohitajika ni kusubiri.

Kitundu cha kifuniko hiki kimezibwa kwa duara la mpira, uliokatwa vizuri kutoka tyubu ya pikipiki. Firmin anaujua mkasi uliokata duara hilo. Ni wake.

Consolate bado amekaa ndani, anaongea kwa simu. Firmin angeweza kuutia mpira mfukoni na kusema amepata uchafu kwenye bomba. Anabaki ameushika.

“Mama, njoo uone. Ugonjwa ni minye mwenyewe.”

Consolate anashuka na kuutazama mpira.

“Ni nani aliweka iyi?”

“Minye. Wakati mchele ulikuwa unanuka essence.”

Consolate anakumbuka. Barabara ilikuwa mbovu kwa mvua, petroli ikawa inaruka kupitia kitundu hicho na kulowesha magunia. Wanunuzi wa Uvira huchota mchele kiganjani na kuunusa kwanza, na siku ile waliurudisha wote. Yeye mwenyewe alimsihi Firmin azibe, na akamshukuru sana.

“Na carburateur ilikuwa na nini, mara zote sita?”

“Haikuwa na kitu.”

Consolate anakaa kwenye bampa. “Nilifunga siku mbili sababu ya iyi gari, Papa Firmin. Bila kula. Namuuliza Mungu nimekosea nani.”

“Unisamehe, mama.”

“Usiniombe msamaha na kifuniko wazi. Itaruka tena.”

Firmin anatoboa mpira kwa msumari, anarudisha kila kitu mahali pake, na gari linawaka. Linapita Luberizi. Linapita Bwegera. Linafika Luvungi, ambako Consolate anampigia Pitchou simu na kumwambia atafute chuma kwingine.

Wanawake wanasogea na magunia yao. Mmoja wao, Olive, anauliza gari liliumwa nini. Consolate anamwonyesha fundi kwa kidevu.

Firmin anawaeleza yote, mpira na mkasi, amesimama mbele yao kama mwanafunzi ubaoni. Wanacheka mpaka Olive anaketi juu ya gunia. Firmin anangoja wamalize.

Kisha anasema mpango wake. Anataka, kabla ya mwaka kwisha, 404 hii ipande mlima wa Ngomo hadi Bukavu, na magunia kumi nyuma, bila kuzima hata mara moja.

“Ipande,” anasema Consolate, akifunga turubai. “Lakini safari ya kwanza ni weye peke yako ndani.”