Mkalimani Alipotangulia

Ushuhuda wangu ulikuwa mzuri, na wa kwanza kulijua hilo nilikuwa mimi mwenyewe. Niliokoka mwaka wa themanini na tatu, hapa hapa Kisauni. Nilikuwa nimetumwa dawa ya mama yangu, nikapitia penye tembo la mnazi, nikalala mtaroni dawa ikiwa mfukoni na mama yumo ndani anatetemeka kwa homa. Alfajiri nilifika, nikapiga magoti kando ya kitanda chake, na tangu siku hiyo tembo sikuligusa tena. Hayo ni kweli tupu. Kosa langu ni kuyasimulia kanisani kila nilipopewa nafasi, miaka tisa, hata nikajua pa kushusha sauti na pa kutoa leso.

Kanisa letu la mabati lilikuwa na kina mama wazee kutoka vijiji vya bara ya Kilifi, ambao Kiswahili cha mimbarani hakikuwaingia vizuri. Kwa ajili yao alisimama mkalimani, mama mmoja Mgiriama aliyeuza mihogo ya kukaanga pale karibu. Sentensi moja yangu, sentensi moja yake.

Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Nilikuwa dobi katika hoteli moja ya Nyali, narudi nimechoka, na kwa uchovu huo nikajisamehe kusali. Kwanza siku moja moja, halafu wiki nzima. Biblia ilikaa katika koti la Jumapili, na koti msumarini. Mke wangu aliponiuliza, nilimjibu kwamba mtu aliyeokoka kama nilivyookoka mimi hana haja ya wasiwasi. Jibu hilo linanitia haya mpaka leo.

Basi Jumapili moja ya mwaka wa tisini na mbili, nikasimama. Nikasema nilikuwa mlevi. Akatafsiri. Nikasema nililala mtaroni. Akatafsiri. Nikavuta pumzi, ndipo pa leso, na kabla sijafungua mdomo nikamsikia mama yule anaendelea na Kigiriama chake: dawa, homa, kitanda, alfajiri. Alinifikisha mpaka kwenye wokovu, kisha akaketi. Wazee wakaitikia amina. Hakuwa na nia mbaya. Nadhani alikuwa akiiwazia mihogo yake. Lakini kanisa zima lilicheka.

Nilikasirika, sifichi. Nikatafuta cha kuongeza, japo kimoja, nimwonyeshe kwamba bado sijamaliza. Sikupata kitu. Miaka tisa nilikuwa nikila akiba ya asubuhi moja, na ile hofu ikanishika kwamba labda imani yenyewe ilikwisha zamani, nami nimebaki na hadithi.

"Sijasali peke yangu tangu mwaka juzi," nikasema. "Hapa namzungumzia Mungu. Nyumbani sizungumzi naye."

Kicheko kikakatika. Mkalimani akainuka, akanigeukia.

"Umesemaje, mwanangu?"

Miaka tisa hakuwahi kuniuliza. Nikarudia, bila leso. Akatafsiri polepole, akiyatafuta maneno, na mzee mmoja wa kike akajibu kitu kwa sauti ndogo.

"Anasema hata yeye," mkalimani akaniambia.

Nilikaa chini, na moyo ulikuwa mwepesi kama wa mtu aliyetuliwa gunia. Nilidhani wangenidharau. Mchungaji akaomba tuombe, na safari hii sikumsikiliza jinsi anavyoomba, niliomba.

Nje nilimkuta mama yule ameshawasha jiko. Nikamwamkia, akanichagulia kipande cha muhogo, akakitia pilipili na ndimu.

"Leo umenipa kazi," akasema.

Jioni nilipiga magoti chumbani, mke wangu akiniangalia. Nikaanza, "Bwana," kisha nikanyamaza, kwa kuwa sikujua sentensi gani ingefuata. Nilifurahi mno kutoijua.